Nyuki Ndani ya Gitaa la Baba Mdogo

Juzi nilimpeleka binti yangu kuchanjwa. Muuguzi akafungua kichupa, akalowesha pamba, akampangusa mkono, na ile harufu ya alkoli ilipopanda mimi nikaangua kicheko. Mtoto wa watu analengwalengwa na machozi, mama yake anacheka! Muuguzi alinitazama kama mtu wa kuombewa dua. Nifanyeje? Wenzangu wakinusa alkoli hukumbuka sindano. Mimi nikiinusa nasikia gitaa. Nasikia gitaa safi, kila uzi peke yake, na nyuma yake kimya.

Tulikaa mtaa wa Buyenzi, kwa Bibi, katika nyumba yenye ua wa simenti na mlango wa bati uliolia kila ukiguswa. Wazazi wangu walikuwa ng'ambo ya mpaka, Uvira, na biashara yao, kwa hiyo aliyenilea hasa ni Bibi, akisaidiwa na Baba Mdogo Rajabu, ndugu mdogo wa baba yangu. Baba Mdogo alikuwa karani bandarini, lakini ukimuuliza mtu wa Buyenzi kazi yake angekwambia ni mpiga gitaa. Gitaa lake lilikuwa la umeme, jekundu, na kitufe kimoja cha sauti kilikuwa kimepotea, akakiwekea kifuniko cha dawa ya meno. Kifuniko kilifanya kazi vizuri kuliko kitufe.

Kabla mji haujaharibika, kila Jumamosi orkestra yake ilifanya mazoezi uani kwetu. Waimbaji walikuwa wawili: Melkiori wa Kamenge, mrefu, mpole, sauti ya chini, na Donasiani wa Ngagara, mfupi, mcheshi, sauti ya juu, ambaye hakuja hata siku moja bila karanga zangu mfukoni. Maikrofoni ilikuwa moja tu. Waliimba shavu kwa shavu, na Donasiani akapandia tofali ili amfikie mwenzake. Na kila wimbo ulipokwisha Melkiori aliuliza, "Turudie?" Donasiani akijibu "Turudie!" gitaa linaanza upya. Lakini mara nyingi alishika kiuno kama mzee na kujibu, "Apana. Chai kwanza!" Hapo Bibi alikuwa ameshainuka kuchukua birika, maana na yeye alilingoja neno hilo. Chai ya tangawizi, maandazi, kelele, vicheko. Nilizipenda Jumamosi hizo kuliko Idi, na nasema hivyo nikijua Bibi angenifinya.

Kisha Jumamosi zikakoma. Wenzangu wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Watu waliuana, mitaa iligawanyika kwa makabila, huku watu wa huku, kule watu wa kule, na njia uliyopita jana leo ikawa si yako. Buyenzi peke yake ilibaki kuwa ya kila mtu kidogo, angalau mchana. Melkiori aliweza kuja kwetu. Donasiani pia aliweza kuja kwetu. Ila hawakuja pamoja tena. Siku moja niliona kwa macho yangu Donasiani akifika kwenye kona ya avenyu yetu, akauliza kitu kwa muuza sabuni, akageuka akarudi. Ndani kwetu alikuwa amekaa Melkiori.

Watu wazima walinong'ona, wakanyamaza nikiingia. Basi nikatafuta sababu mwenyewe na nikaipata: waligombania maikrofoni. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Watu wawili, maikrofoni moja, miaka yote hiyo shavu kwa shavu, lazima siku moja mmoja amsukume mwenzake. Mimi na binamu zangu tuligombana kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Ndiyo maana ile mashine ilipoingia nyumbani kwetu nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Ilitoka kwa Mzungu mmoja, mwalimu wa muziki, aliyeondoka nchini kwa haraka na kuwaachia orkestra vitu asivyoweza kubeba. Ilikuwa nzito, ya kijivu, ina tundu la kaseti, sindano ndogo zinazocheza kwenye vioo, na vitufe vya kuteleza juu na chini. Kwa Kifaransa ni quatre pistes, yaani njia nne. Buyenzi ikaiita katapisti. Baba Mdogo alinikalisha akanielezea huku akigusa kitufe kimoja kimoja.

"Zaina, angalia. Kaseti ni ile ile unaijua. Lakini hii mashine inaikata njia ine. Njia ya kwanza natia gita. Ya pili natia gita ya solo. Ya tatu anaimba mutu mumoja, siku yake. Ya ine anaimba mwingine, siku yake. Halafu unazifungulia zote mara moja."

"Na wanaimba pamoja?"

"Wanaimba pamoja."

"Bila kuwa pamoja?"

"Bila kuwa pamoja."

Nilimwelewa kwa namna yangu. Kila mmoja amepata njia yake, hakuna tena maikrofoni ya kugombania, kwa hiyo ugomvi umekwisha na Jumamosi zinarudi! Nilikimbia kumwambia Bibi atafute tangawizi. Bibi akaendelea kuchambua mchele.

Kumbe kabla ya waimbaji kulikuwa na kazi, na kazi ilikuwa gitaa. Baba Mdogo alisema gitaa ndiyo msingi, nyumba haisimami juu ya msingi mchafu, na hakuna mtu atakayeimba mpaka gitaa liwe safi. Nalo halikuwa safi. Alipiga, akarudisha kaseti, tukasikiliza, na humo ndani kulikuwa na nyuki. Mzinga mzima! Mngurumo wa chini usiokoma, na juu yake mkwaruzo kama mtu anakaanga samaki jikoni kwa jirani. Gitaa lenyewe lilikuwa nyuma huko, linahangaika kupenya.

Baba Mdogo akaanza kuwawinda nyuki. Meli zilikuwa zimepungua bandarini kwa sababu ya vikwazo vya nchi jirani, kazi haikuwapo, basi muda wake wote akaupeleka huko. Alibadilisha waya. Aligeuza gitaa likatazama mlango, halafu dirisha, halafu Makka. Alimfukuza mbuzi wa Bibi uani kwa kosa la kupiga kelele. Alimwendea jirani yetu Mama Asha, aliyeuza barafu, akamwomba azime friza yake kidogo, na majibu aliyopewa siwezi kuyaandika hapa. Nyuki wakabaki. Mimi nilikuwa nimeamini kabisa kwamba wamo ndani ya gitaa, wameingilia pale kilipotoka kile kitufe, na mara kadhaa nilitega sikio kwenye kifuniko cha dawa ya meno nikiogopa kuumwa.

Katika siku hizo ndipo nilipoinusa harufu. Baba Mdogo alinipitia kunipa daftari, na mkono wake ukanuka alkoli. Kesho yake tena. Siku nyingine nikamkuta amejifungia chumbani, nikachungulia kwenye tundu la ufunguo, nikaona kichupa. Anakifungua, anakitazama kwenye mwanga, anakifunga kwa uangalifu, anakificha nyuma ya masanduku. Baba Mdogo wangu, mtoto wa Bibi aliyehiji, anakunywa!

Sikumwambia mtu. Nilimpenda mno. Badala yake nikajipa kazi ya kumwokoa. Niliiba karafuu jikoni nikawa namwekea chini ya mto, mfukoni mwa shati, ndani ya viatu, ili atafune harufu iishe kabla Bibi hajaigundua. Alizitafuna bila kuuliza. Baadaye alinieleza kwamba alidhani Bibi ndiye anayeziweka, kumkinga na husuda za watu wanaoitamani katapisti yake, naye aliona haya kumuuliza mama yake jambo kama hilo. Basi tukaendelea hivyo, mimi naokoa, yeye anatafuna, na gitaa linanguruma.

Mchana mmoja wa jua kali alikuwa anapiga, nami nimekaa mlangoni kuzuia watu. Ghafla sindano zikalala. Umeme ulikuwa umekatika. Mlikuwepo, mnakumbuka: ile "Aaaa!" ya mtaa mzima kwa pamoja, kila redio ikifa kwa mara moja, friza ya Mama Asha ikikohoa kikohozi cha mwisho. Baba Mdogo alitupa mikono juu. Alikuwa amefikia mahali pazuri na hakutaka kuipoteza siku. Basi akatoka mbio kwa Mzee Haruna, dereva wa taksi, ambaye gari lake lilikuwa limekaa kwenye mawe kwa kukosa mafuta, akarudi amekumbatia betri yake kifuani kama mwali. Akaunganisha nyaya kwenye katapisti, akapuliza vidole, akavaa ekuteri zake, zile spika za masikioni, akaligusa gitaa.

Alipiga kidogo, akaacha. Akarudisha kaseti, akasikiliza. Nikaona uso wake unabadilika. Alivua ekuteri akanivalisha mimi kichwani, kubwa, zimenifunika mpaka mashavuni.

"Zaina! Unasikia nini?"

Nilisikia gitaa. Lilikuwa karibu hata nikageuka kutazama nani ananipigia sikioni. Nilisikia ukucha wake ukiugusa uzi, na kidole kikiteleza, na uzi ukiendelea kulia, kulia, mpaka ukaisha. Halafu sikusikia chochote. Niliogopa.

"Sisikii kitu, Baba mudogo."

"Eee! Sema tena!"

"Apana kitu!"

"Apana kitu! Apana kitu! Alhamdulillahi, apana kitu!"

Alininyanyua akanizungusha. Tukaruka uani, yeye anapiga kelele "apana kitu," nami naitikia, ekuteri bado kichwani mwangu, waya unaning'inia. Nyuki walikuwa wanakuja na umeme, na mtaa mzima ulipozimika walikuwa wameondoka wote, wa friza, wa mashine ya kuchomelea, wa taa, wa Buyenzi yote. Watoto wa jirani wakaja wakaruka na sisi bila kujua kwa nini. Sidhani kama nimewahi kufurahi vile tena, na nimeolewa na nimezaa.

Bibi akatoka. Akamwona mwanawe mtu mzima anarukaruka juani akishangilia hakuna kitu. Akasogea, akanusa mikono yake. Uso ukamvunjika.

"Rajabu. Umekunywa."

Niliingia katikati yao kabla hajajibu. Nikalia, nikasema Bibi usimupige, ni mimi nilimupa karafuu, atawacha, ameniahidi. Hakuwa ameniahidi lolote. Baba Mdogo alitutazama sote wawili, mdomo wazi, halafu akacheka mpaka akakaa chini kwenye simenti. Akaenda kuleta kichupa, na pamba, akamwonyesha Bibi mahali ambapo utepe wa kaseti hupita ndani ya mashine na kuacha uchafu wake. Akapangusa pale kwa alkoli ya famasi. Pamba ikatoka na rangi ya kahawia.

"Ona, Mama. Isipooga kila siku, gita inatoka na matope."

Bibi aliichunguza pamba kwa muda mrefu, kama daktari. Kisha akasema, "Sawa. Lakini hiyo kitu inywe mashine. We kunywa chai." Akaingia ndani, na kutoka siku hiyo akawa anauliza kila asubuhi kama katapisti imeshaoga.

Basi tukawa nyumba ya ajabu. Mtaa mzima ukisikitika umeme umekatika, sisi tunapiga makofi. Mama Asha alituona wachawi. Kipindi hicho umeme ulikatika sana, Mungu atusamehe, na gitaa likaja, kwanza lile la chini, halafu la solo, uzi mmoja mmoja, safi kama maji ya kutawadhia. Umeme uliporudi tuliirudishia betri chakula chake na kungoja giza lingine la mchana.

Melkiori alikuja kwanza. Aliketi kwenye kigoda, ekuteri masikioni, akafumba macho, akaimba na gitaa ambalo sisi tuliokuwa chumbani hatukulisikia. Tulisikia sauti yake tupu. Aliacha nafasi ya Donasiani pale pale alipoiacha siku zote, ameegemeza shavu upande ule, hewani. Na wimbo ulipokwisha, kaseti bado inazunguka, kwa mazoea tu, macho bado yamefumbwa, akauliza:

"Turudie?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Baba Mdogo akanifunika kwa kiganja, kile cha alkoli. Melkiori akafumbua macho akaona upande wa Donasiani hakuna mtu. Alivua ekuteri akaondoka bila kungoja chai.

Siku hiyo nilimuuliza Bibi kwa nini Melkiori asimnunulie tu Donasiani maikrofoni nyingine. Ndipo akanikalisha. Akaniambia kaka yake Donasiani aliuawa njiani akitoka kazini, na Melkiori hakuja matanga. Hakuja kwa sababu kwa mtu wa Kamenge, kwenda Ngagara siku hizo kulikuwa kujichimbia kaburi. Donasiani alilijua hilo. Lakini alimngoja, akaona kiti kitupu, na kiti hicho kikamkaa rohoni. "Moyo haujui barabara imefungwa," Bibi alisema. Nililia kwa hasira. Hasira yenyewe ilikuwa ya kijinga: nilijiona nimedanganywa, kwamba njia zote zile nne hazingetusaidia kitu.

Donasiani alikuja mwisho, na alikuja kuaga. Alikuwa amepata nafasi kwenye meli ya mizigo kwenda Kigoma, na wiki ile ile angeondoka. Karanga zangu alikuwa nazo. Alikuwa amekonda. Baba Mdogo hakumwambia habari ya kuimba. Alimwambia tu:

"Sikiliza gita yangu, ndugu. Mara moja tu, halafu uende."

"Gita tu?"

"We sikiliza."

Umeme ulikuwepo siku hiyo, na nyuki waliingia kwenye gitaa tu, si kwenye sauti ya mtu, lakini Baba Mdogo alifunga betri vilevile. Alimvalisha ekuteri, akabonyeza. Nikamwona Donasiani akitabasamu kidogo, akitikisa kichwa, akinyoosha kidole kama anayesema, yuko wapi yule nyuki? Alilijua gitaa lile lilivyokuwa. Baba Mdogo akamsogezea maikrofoni taratibu, kama mtu anayemsogezea mgonjwa sahani. Akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodia. Donasiani akaanza kuimba sehemu yake, polepole, kwa sauti ya kuonja tu.

Kisha nikaona dole gumba la Baba Mdogo linakisukuma kitufe cha njia ya tatu, ile ya Melkiori. Kidogo. Tena kidogo.

Donasiani akanyamaza. Sisi hatukusikia kitu, lakini nilijua nani amemwingia masikioni. Mkono wake ukapanda kuivua ekuteri, ukaishika, ukabaki hapo. Mashine inazunguka. Nilimwomba Mungu kwa dua zote nilizozijua, hata ile ya kuingilia chooni. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Baba Mdogo hakumtazama mtu, alizitazama sindano zake tu.

Mkono ukashuka. Donasiani akavuta pumzi, akainuka kwenye kigoda, akatafuta kitu sakafuni kwa mguu. Nilielewa kabla ya wote: anatafuta tofali lake! Akakosa, akasimama kwa vidole, akageuza shavu, akaimba. Sauti ya juu, yote, na mishipa ya shingo nje. Aliimba huku machozi yanamshuka na hakuyafuta. Nilitaka kupiga kelele, nikaing'ata kanga ya Bibi.

Akamaliza. Alibaki amesimama anasikiliza, maana ndani ya ekuteri gitaa lilikuwa bado linafifia. Halafu, ingawa sisi tuliokuwa pale hatukusikia mtu akimuuliza, akashika kiuno na kusema:

"Apana. Chai kwanza."

Nikacheka. Kilinitoka tu, kicheko kikubwa, cha mwili mzima. Nikaziba mdomo upesi, nimeharibu, nimeharibu kaseti! Yule mtu aliyefukuza mbuzi, aliyetaka kuzima friza ya watu, aliyenyima pumzi zetu ruhusa, aligeuka akanitazama macho mekundu, na kidole chake kikakaa mbali na kitufe cha kuzimia. Kicheko changu kimo mpaka leo.

Gitaa lingekuwa na nyuki, swali lile lingezama, na Donasiani asingelisikia. Hili nililiwaza nilipokua. Siku ile niliwaza chai tu. Alikunywa, akaisifu, akambusu Bibi mkono, akaenda bandarini. Sikumwona tena.

Melkiori alikuja baada ya meli kuondoka. Baba Mdogo alimvalisha ekuteri na kumfungulia njia zote nne. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Wimbo ulipofika mwisho nilimsogelea, nikangoja, nikaona bega lake linaruka mara moja, kama mtu aliyeguswa. Alikaa hivyo mpaka kaseti ikajizima yenyewe kwa mlio wa tak. Kisha akavua ekuteri, akajifuta uso kwa mikono miwili, akamtazama Bibi mlangoni.

"Bibi," alisema, "kuko chai?"